Air Max 1 iliyorudi: hewa ina kazi gani, na kwa nini soli humeguka

SWALI: Shikamoo fundi. Miaka miwili iliyopita nilinunua raba ya Nike, Air Max 1 ya mtumba, nyeupe na nyekundu, kwa macho ilikuwa kama haijavaliwa. Nikaivaa harusini. Pilau haijapakuliwa, soli ya nyuma ikaanza kumeguka, nikarudi nyumbani nikiacha makombo njia nzima. Sasa mjomba wangu aliyeko Uingereza kaniletea ileile, mpya kwenye boksi, yenye kidirisha kikubwa cha hewa. Anasema ndiyo ya asili iliyorudishwa. Mimi nauza kwenye duka la dawa hapa Tanga, nasimama kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 1 usiku. Je, hii nayo itanifia vilevile? Na hiyo hewa ina kazi gani hasa, au ni urembo tu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa yaliyokukuta harusini. Hukuwa wa kwanza, na kwa jinsi raba za zamani zinavyoingia kwenye marobota ya mitumba siku hizi, hutakuwa wa mwisho.

Nianze na hewa, maana ndiyo inayosingiziwa. Raba yako ya mtumba haikuuawa na hewa. Ungechambua yale makombo ungeukuta mfuko wa hewa umelala humo mzima, umejaa, unabonyea na kurudi kama siku ulipotoka kiwandani. Kilichokufa ni sponji inayouzunguka. Hii mpya ina sponji ya ukoo huohuo, kwa hiyo ndiyo, nayo itakufa siku moja. Lakini siku hiyo ina hesabu yake, na hesabu hiyo unaweza kuisoma mwenyewe. Nitakueleza.

Mfuko huo wa hewa ni wazo la Frank Rudy, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kwenye sekta ya vyombo vya anga kabla ya kugeukia viatu. Kampuni kadhaa zilimkatalia. Mwaka 1977 akafika Nike, wakakubali kujaribu, na Desemba 1978 kiatu cha kwanza chenye mfuko wake, Tailwind, kikaonekana kwenye mbio za Honolulu Marathon kule Hawaii. Mfuko wenyewe ni plastiki laini yenye gesi iliyoshindiliwa ndani na kuzibwa moja kwa moja. Hauna valvu. Ukisikia mtu anasema anajaza hewa ya Air Max, mwambie akuonyeshe tundu la pampu. Kiatu cha kujaza kwa mkono kipo, ni Reebok Pump ya mwaka 1989, lakini ile hewa inaubana mguu kwa juu na pembeni ili usicheze ndani, wala haiko chini ya kisigino.

Kwa miaka minane hivi mfuko wa Rudy ulikaa umefichwa ndani ya soli. Mnunuzi aliambiwa kuna hewa, akaamini. Kisha akaja Tinker Hatfield, mbunifu wa Nike aliyesomea usanifu wa majengo kabla ya kuchora viatu. Huyu alikwenda Paris akaliona jengo la Centre Pompidou, lile ambalo mabomba ya maji, hewa na umeme yamewekwa nje kwa makusudi, kila moja na rangi yake, badala ya kuzikwa ukutani. Akarudi na swali: kama jengo linaweza kuonyesha matumbo yake, kwa nini kiatu kisiweze? Akakata dirisha pembeni mwa soli. Wenzake walihofu wateja wataona ule mfuko na kudhani utapasuka. Raba ikatoka Machi 1987, ndiyo hiyo Air Max 1.

Sasa hapa pana jambo linalokuhusu wewe na kidirisha chako kikubwa. Matoleo ya mwanzo kabisa, yaliyotengenezwa mwaka 1986, yalikuwa na dirisha kubwa kuliko lile tulilolizoea. Yakawa yanapasuka penye baridi. Plastiki ikipoa inakakamaa. Chukua mfuko wa nailoni uliokaa friza na maji ya barafu, ukunje, utaona. Dirisha likiwa kubwa, ukuta wa sponji unaoshikilia mfuko unakuwa mwembamba, na ule mkunjo wa kila hatua unaangukia plastiki peke yake. Nike wakalipunguza dirisha, na hilo dogo ndilo lililouzwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2023 wakalirudisha lile kubwa kwa jina la Air Max 1 '86, baada ya utaalamu wa mifuko kuendelea. Kwa hiyo mjomba hajakudanganya. Na kwa joto la Tanga, kupasuka kwa baridi si tatizo lako hata kidogo. Tatizo lako ni hilo joto lenyewe, lakini nitalifikia.

Hiyo gesi nayo ina hadithi ambayo wauzaji hawaisimulii. Hewa ya kawaida ikifungwa kwenye plastiki nyembamba hutoroka polepole, kama unavyoona mpira wa miguu ulioachwa kabatini. Kwa miaka mingi mifuko ya Nike ikawa inatumia salfa heksafloridi, gesi ileile inayowekwa kwenye swichi kubwa za umeme. Molekuli zake ni kubwa, zinashindwa kupenya ukuta wa plastiki, basi mfuko unabaki umejaa miaka na miaka. Ila ni gesi mbaya mno kwa hali ya hewa ya dunia: kilo moja yake inashika joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Ikabidi waiache. Kuhamia naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, kuliwagharimu miaka mingi, kwa kuwa molekuli ndogo inahitaji ukuta wa plastiki wa tabaka nyingi nyembamba ili isitoroke. Kufika mwaka 2006 walikuwa wamemaliza. Kwa hiyo raba yako ya mwaka huu na ile ya mwaka 1987 zinafanana sura, lakini gesi siyo ileile na plastiki siyo ileile. Mbunifu wa zamani angeshangaa kuona kilichomo.

Je, inafanya kazi au ni urembo? Inafanya kazi, ila ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukitembea, kisigino kinapotua ardhi inakurudishia nguvu inayozidi kidogo uzito wako. Ukikimbia, mara mbili hadi tatu ya uzito. Kiatu hakiwezi kuifuta nguvu hiyo. Kinachoweza ni kuichelewesha, kuisambaza kwenye muda mrefu zaidi, kama unavyoruka ukutani ukatua mchangani badala ya sarujini. Gesi ni hodari kwa hilo kwa sababu haichoki. Kadiri unavyoibana ndivyo inavyozidi kukaza, na ukiondoa mguu inarudi ilivyokuwa, leo, kesho na baada ya hatua milioni. Sponji haiko hivyo. Ni kama godoro: mwaka wa kwanza unalala, wa tano unalala kwenye shimo.

Lakini gesi peke yake inayumba. Jaribu kusimama juu ya puto. Ndiyo maana mfuko umezungukwa na sponji, na sponji hiyo ndiyo inayokuweka wima, ndiyo inayobeba ukingo wa mguu. Tena mfuko wenyewe uko kisigino tu. Mbele, pale vidole na mto wa mguu vinapokanyaga, Air Max 1 haina hewa yoyote, ni sponji tupu. Mtu akikuambia anatembea juu ya hewa, nusu ya mguu wake inatembea juu ya kitu kingine.

Na kitu hicho ndicho kiini cha swali lako.

Sponji za viatu, kwa tunaovifungua, ziko za aina kubwa mbili. Ya kwanza ni EVA, nyepesi, ndiyo hiyohiyo ya ndala nyingi za siku hizi. Ya pili ni poliyurethani: nzito kidogo, inayojaa mkononi, haibonyei upesi na kubaki bapa. Soli ya kati ya Air Max 1, ile nyeupe iliyopakwa rangi, kwa kawaida ni poliyurethani. Ndivyo zilivyo pia Air Jordan 3 na 4 na ndugu zao wengi wa miaka ile. Kwa kuvaa kila siku ni sponji bora. EVA ikishachoka inabaki kama biskuti, wakati poliyurethani inakuwa bado inakubeba.

Ubaya wake ni maji. Poliyurethani ya viatu mara nyingi imefungwa kwa vifungo ambavyo kemia inaviita esta, na maji yana tabia ya kuvikata. Kama umewahi kuona watu wanapika sabuni kwa mafuta ya nazi na kostiki soda, umeona kifungo cha esta kikivunjwa, ila pale kostiki inaharakisha mambo na huku ni unyevu tu wa hewani unaofanya kazi taratibu. Kila kifungo kinachokatika kinaacha asidi kidogo, na asidi hiyo inausaidia unyevu kukata kingine. Kwa hiyo mwanzoni huoni kitu. Miaka inapita, soli inang'aa, rangi iko sawa. Kumbe ndani inalainika. Halafu ndani ya wiki chache inakuwa unga. Ndiyo maana ya kwako ilionekana kama haijavaliwa. Haikuwa imevaliwa kweli! Ilikuwa imekaa kwenye kabati la mtu Ulaya pengine miaka kumi na tano, ikasafiri kwenye robota, ikapigwa joto la kontena, ikafika Tanga ikisubiri mtu wa kuikanyaga.

Joto na unyevu vinaharakisha kazi hiyo, na sisi wa pwani tuna vyote viwili kwa wingi. Kwa ninazopokea mezani, soli ya namna hii naihesabia kama miaka 10 tangu itoke kiwandani, na pwani naipunguzia. Kuna mteja aliniletea jozi aliyoitunza kwa ajili ya siku yake ya ndoa, ndani ya boksi, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku la nguo. Alitaka niisafishe tu. Nilipoibana kwa dole gumba, dole likazama hadi kucha. Wala hatukusemezana kwa muda.

Nami nilikuwa mjinga miaka yangu ya mwanzo. Zikiletwa za kumeguka nilikuwa nasafisha, napaka gundi, nabana, naongeza mshono kuzunguka soli. Zinatoka zimependeza. Baada ya siku tatu zinarudi, gundi yangu ikiwa imeshika vizuri sana kipande cha sponji kilichojitenga na sponji yenzake. Kushona sponji iliyooza ni kushona uji. Fundi akikuahidi hivyo, mwachie kiatu chake. Tiba ni moja, kuing'oa soli nzima na kuweka ya kiatu kingine kipya cha saizi hiyohiyo, na gharama yake kwa hapa nyumbani mara nyingi haina maana, isipokuwa una mapenzi makubwa na ngozi ya juu. Soli iliyobanduka ikiwa ngumu na nzima ni jambo jingine. Hapo ni gundi ndiyo iliyozeeka, na inabandikwa tena vizuri.

Basi hesabu unaisomaje? Fungua ulimi wa raba au tazama ubavuni ndani, pana lebo ndogo yenye saizi. Kwenye lebo za Nike kwa kawaida pana tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza toleo hilo kiwandani. Zinaandikwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza, kwa hiyo 03/09/22 ni tarehe 9 Machi 2022 na siyo 3 Septemba. Kuanzia hapo ndipo umri wa sponji unahesabiwa, siyo siku uliyoivaa. Sokoni usiangalie soli ya chini kama imelika. Angalia lebo. Ile ya mtumba iliyochakaa chini lakini ya miaka mitatu ni bora kuliko inayong'aa ya miaka kumi na minne. Kama lebo imekatwa au imefutika, bonyeza ile sponji nyeupe kwa dole gumba kwa nguvu, karibu na kisigino. Nzima inakataa kisha inarudi. Inayoanza kufa inanata kidogo, au inabaki na alama ya dole, au rangi yake inatoa mistari myembamba kama udongo wa mfinyanzi uliokauka. Kunja pia kiatu kwa mikono miwili katikati. Afadhali kikatike sokoni.

Kichekesho ni kwamba feki nyingi nilizozifungua zina EVA ya bei nafuu na kidirisha cha plastiki ngumu isiyo na gesi yoyote. Hazikubebi hata kidogo, lakini hazimeguki. Ndiyo maana utamkuta mtu anaapa kwamba ya kwake ni orijino kwa sababu imedumu.

Kuhusu kusimama saa 11 dukani, hapo nitakuvunja moyo kidogo. Air Max 1 ilibuniwa kwa ajili ya kukimbia, kwa ujuzi wa mwaka 1987. Leo hakuna mkimbiaji wa maana anayeikimbilia. Sponji za mbio zimekwenda mbali: ile Eliud Kipchoge aliyokanyaga pale Monza, Italia, Mei 2017 alipomaliza marathoni kwa saa 2:00:25, ni ya jamii nyingine kabisa, nyepesi mno na yenye kurudisha nguvu nyingi. Usiitafute ndani ya raba iliyorudishwa. Walishajaribu kuchanganya sura ya zamani na sponji mpya. Mwaka 2014 Nike walitoa Air Max Lunar1, nyepesi zaidi, na mwaka uliofuata Converse wakatoa Chuck Taylor II yenye sponji ya kisasa ndani. Zote mbili hazikudumu sokoni, ilhali zile za kizamani bado zinauzwa. Mimi nilizipenda zile Lunar1, lakini naona tulikuwa wachache.

Kusimama nako ni tofauti na kukimbia. Mtu anayesimama hapigi kisigino chini, uzito umetulia juu ya nyayo zilezile kwa saa nyingi. Anahitaji eneo pana la kubebwa kuliko ulaini. Kiatu laini kupita kiasi kinayumba, na misuli ya mashavu ya miguu inafanya kazi ya kukunyoosha kutwa nzima bila wewe kujua, jioni miguu inawaka. Kwa hilo soli ngumu kiasi ya poliyurethani ni rafiki yako, kuliko hizi raba mpya zilizojaa kama mkate uliovimba. Upungufu wa Air Max 1 ni pale mbele pasipo na hewa, na soli yake ya ndani, ile unayoikanyaga kwa soksi, ambayo ni nyembamba. Itoe kwa uangalifu, wakati mwingine imebandikwa kwa gundi kidogo, uweke iliyo nene kidogo yenye mwinuko wa kubeba upinde wa mguu. Ila ijaribu jioni, wakati miguu imeshavimba. Ukijaribu asubuhi utabana vidole. Nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kikubwa inatosha.

Na usiivae kila siku. Siku moja raba, siku moja kiatu kingine. Jasho la saa 11 halikauki usiku mmoja kwa hewa ya pwani, na jasho ni maji, na maji umeshajua yanafanya nini.

Utunzaji wenyewe ni mfupi. Usiianike juani, usiiache ndani ya gari, usiitumbukize kwenye mashine ya kufulia wala beseni. Kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kisha kivulini penye upepo. Usiifungie kwenye nailoni ukidhani unaihifadhi, unakuwa umeufungia unyevu na ile asidi ndani pamoja nayo. Iweke kwenye rafu ya wazi. Zaidi ya yote usiiwekee akiba ya harusi nyingine. Kwa macho yangu, zinazovaliwa mara kwa mara hufika mbali kuliko zilizolala boksini, na hata isingekuwa hivyo, miaka yake inakatika tu, iwe mguuni au kabatini.

Ukirudi nyumbani leo, kabla ya kuikanyaga, nipigie picha ile lebo ya ndani, miguu yote miwili, kwa sababu nimeshaona jozi moja yenye tarehe mbili zilizoachana kwa miaka minne.